Bondia wa uzito wa juu anayepanda: tumpe mpinzani gani?

Tarehe 3 Agosti 2024 jijini Los Angeles, Jared Anderson wa Toledo, Ohio, alipanda ulingoni akiwa na umri wa miaka 24 na mapambano 17 bila kupoteza hata moja. Upande wa pili alikuwepo Martin Bakole, Mkongo mzaliwa wa Kananga anayeishi Scotland, pande la mtu lenye kilo zaidi ya 125. Raundi ya kwanza haikuisha kabla Anderson hajaenda chini kwa ngumi ya kulia iliyotokea chini. Raundi ya tano akaanguka mara mbili zaidi, mwamuzi akamaliza pambano.

Mashabiki walifunga mjadala haraka: kijana hahimili ngumi. Mimi kazi yangu ni kupanga wapinzani, na kila nikiipitia rekodi ya Anderson naona tatizo lilianza mwaka mmoja nyuma. Julai 2023 alicheza na Charles Martin, bingwa wa zamani wa IBF, moja ya mashirikisho ya ngumi ya dunia. Martin alimyumbisha raundi ya tano, na pambano likaenda mpaka kengele ya mwisho. Hiyo ilikuwa taarifa ya thamani kubwa: mtu mkubwa anayerudisha ngumi anampa shida. Baada ya usiku ule alihitaji watu wawili watatu wa aina hiyo, wenye nguvu lakini wenye upungufu unaojulikana, mpaka azoee kujilinda akiwa ndani ya mvua ya makonde. Badala yake akapewa Andriy Rudenko, kisha Ryad Merhy, mtu aliyepanda kutoka uzito wa chini yake, na ambaye siku ile alirusha ngumi chache mpaka watazamaji wakazomea. Kutoka kwa Merhy akapelekwa moja kwa moja kwa Bakole.

Na Bakole hakuwa mgeni. Mei 2022 alikuwa ameshamwangusha Tony Yoka mara mbili mjini Paris na kumshinda kwa pointi, wakati huo Yoka akiwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Rio na hajapoteza bado pambano lolote la kulipwa.

Ninachokiamini ni hiki: kila mpinzani amletee bondia jambo moja jipya, na jambo hilo lichaguliwe kutokana na kilichoonekana pambano lililopita. Jambo moja tu. Ukimpa mtu mrefu kwa mara ya kwanza, asiwe pia mashoto na mwenye ngumi nzito. Ukimpa mtu wa kumfikisha raundi ya nane, usimtafutie anayeweza kumlaza raundi ya pili.

Uzito wa juu unahitaji uangalifu huu kuliko uzito mwingine wowote. Unaanzia juu ya kilo 90.7 na hauna kikomo, kwa hiyo mwenye kilo 100 anaweza kukutana na mwenye 130 kwa mujibu wa sheria kabisa. Pia KO (kumlaza mpinzani kabla raundi hazijaisha) zinaninyima kile ninachokitaka zaidi, yaani raundi. Bondia mwepesi akifika pambano la 15 mara nyingi ameshaonja raundi ndefu. Mzito anaweza kuwa na ushindi 20 bila kujua miguu yake inafanya nini baada ya raundi ya sita. Deontay Wilder alipigania mkanda wa WBC, shirikisho jingine la dunia, Januari 2015 akiwa na mapambano 32, yote KO, na hakuna hata moja lililovuka raundi ya nne. Alimshinda Bermane Stiverne kwa pointi katika raundi 12, lakini mimi singempangia kijana wangu hivyo.

Wladimir Klitschko njia hiyo haikumvusha. Desemba 1998 mjini Kyiv, akiwa na mapambano 24 bila kipigo, aliletewa Ross Puritty, Mmarekani aliyekuwa ameshapoteza zaidi ya mara kumi. Ukihesabu vipigo tu, huyo anaonekana mtu wa kuja kuchukua pesa na kuondoka. Ukivisoma kimoja kimoja unaona kitu kingine: ni mgumu kuangusha, na mwaka 1994 alitoka sare na Tommy Morrison. Wladimir alirusha kila alichonacho mapema, Puritty akasimama palepale. Pumzi ikakata, na raundi ya 11 kona ya Wladimir ikaingilia kati kumwokoa.

Kwa hiyo ninapofungua rekodi ya mpinzani kwenye BoxRec, tovuti ya kumbukumbu za mabondia, namba ya vipigo naiangalia mwisho. Naanza na mapambano yake matano ya karibuni. Alipoteza kwa pointi au alisimamishwa? Raundi ya ngapi? Alicheza nyumbani kwa mwenzake, ambako pointi huwa ngumu kupata? Amekaa nje ya ulingo muda gani, na uzito wake umepanda kwa kiasi gani tangu mara ya mwisho? Kisha natafuta video, naitazama bila sauti ili watangazaji wasinipotoshe. Mtu aliyepoteza mapambano 12 yote kwa pointi ni mwalimu. Aliyelazwa mara tatu ndani ya miezi michache simgusi, hata promota akisema ni wa bei nafuu. Hamfundishi kijana wangu chochote, na yeye mwenyewe anaweza kuondoka ulingoni na madhara ya maisha yote. Ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Kosa la upande wa pili ni kumlinda mno. Gerry Cooney alikuwa na ngumi ya kushoto ya kutisha. Oktoba 1980 alimmaliza Ron Lyle raundi ya kwanza. Mei 1981 alimmaliza Ken Norton kwa sekunde 54. Wote wawili walikuwa majina makubwa yaliyopitwa na wakati. Baada ya hapo hakupigana tena mpaka Juni 1982, alipowekwa mbele ya Larry Holmes, bingwa wa dunia aliyekuwa kwenye kilele chake. Yaani kati ya Oktoba 1980 na usiku wa Holmes, Cooney alicheza raundi mbili ambazo hazikutimia. Alijitahidi kishujaa mpaka raundi ya 13, lakini ujuzi wa kuendesha pambano refu hakupewa nafasi ya kuupata.

Linganisha na Mike Tyson. Mwaka 1985 pekee alipigana mara 15. Mei 1986 alikutana na James Tillis, aliyemfikisha raundi zote kumi, na ndani ya mwezi huohuo Mitch Green akamfikisha kumi nyingine. Magazeti yanapenda KO zake, ila mimi nikifundisha vijana kazi hii nawaonyesha raundi hizo 20. Novemba alimsimamisha Trevor Berbick raundi ya pili akawa bingwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki wazito ni wachache, na kishawishi ni kumrudishia kijana watu walewale wawili watatu. Afadhali asafiri kucheza raundi nane ugenini na apoteze kwa pointi. Daniel Dubois alipigwa na Joe Joyce Novemba 2020, jicho likaumia vibaya, wengi wakamfuta. Miaka minne baadaye alimlaza Anthony Joshua raundi ya tano pale Wembley.

Hatari inayonisumbua zaidi ni mpinzani kubadilishwa dakika za mwisho. Hata bingwa hapo huteleza: Joshua alijiandaa kwa Jarrell Miller, mtu mkubwa wa kusukuma. Miller akafeli vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni, na Juni 2019 akaletwa Andy Ruiz, mfupi mwenye mikono ya haraka. Joshua aliangushwa mara nne. Bakole naye, Februari 2025, aliitwa siku mbili kabla kumvaa Joseph Parker mjini Riyadh, akasimamishwa raundi ya pili.

Ndiyo maana kwenye mikataba ninayoandaa huwa natanguliza majina mawili ya akiba, yenye umbo na mtindo unaokaribiana na mpinzani wa kwanza. Promota akileta jina la nje ya hayo zikiwa zimebaki wiki mbili, jibu langu ni kuahirisha, hata kama mabango yameshabandikwa mji mzima.