Wayo na Sakafu ya Nyonga: Uhusiano Wake na Mipaka Yake

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli na tishu lililotandazwa chini ya fupanyonga, kutoka mfupa wa kinena kwa mbele hadi kifandugu kwa nyuma, mfano wa kamba zilizosukwa kwenye kitanda. Juu yake hukaa kibofu cha mkojo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na, kwa wanawake, mfuko wa uzazi. Wanaume nao wanayo, ingawa huzungumziwa zaidi kwa wanawake kwa sababu mimba na uzazi huilemea sana. Inapodhoofika, mkojo huponyoka mtu anapokohoa, anapocheka au anapobeba mzigo, na wakati mwingine kizazi hushuka. Inapokaza kupita kiasi huleta maumivu na ugumu wa kupata choo.

Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi ya kubana misuli hii, na tangu hapo tiba ya mazoezi imeilenga misuli yenyewe. Siku hizi wapo wataalamu wa fiziotherapia ambao kwanza humvua mgonjwa viatu na kutazama anavyosimama. Hoja yao, kwamba wayo huiathiri sakafu ya nyonga, ina msingi katika maumbile ya mwili, ingawa mitandaoni imetiwa chumvi nyingi.

Msingi wenyewe ni huu. Wayo una mifupa 26 inayoshikiliwa na kano na misuli ili kufanya tao. Mtu anaposimama na tao la upande wa ndani likalala, kisigino hulalia ndani, mfupa wa goko huzunguka kuelekea ndani, paja hufuata, na yakitokea hayo kwa miguu yote miwili fupanyonga huelekea kuinama mbele kidogo. Ndani ya fupanyonga kuna msuli uitwao obturata intanasi, ambao huanzia kwenye ukuta wake na kwenda kujishikiza juu ya mfupa wa paja ili kuuzungusha kwa nje. Sehemu ya msuli mkuu wa sakafu ya nyonga haijashikamana na mfupa moja kwa moja, bali imeshikamana na utando unaoufunika msuli huo wa obturata intanasi. Kwa hiyo namna paja linavyokaa, ambayo kwa kiasi fulani huamuliwa na wayo, inaweza kubadilisha mvuto unaoifikia sakafu ya nyonga. Nasema inaweza, kwa kuwa mzunguko unaofika juu ni wa digrii chache tu, na watu wengi wenye nyayo bapa hawana tatizo lolote la mkojo.

Kifundo cha mguu nacho kina nafasi yake. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2005, uliohusu wanawake wanaoponyokwa na mkojo, ulionyesha kuwa misuli ya sakafu ya nyonga ilifanya kazi zaidi pale sehemu ya mbele ya wayo ilipoinuliwa kuliko pale visigino vilipoinuliwa. Matokeo hayo humsaidia mtaalamu kuchagua mkao wa kufanyia mazoezi. Hayathibitishi kwamba viatu vya visigino virefu huleta ugonjwa.

Isidhaniwe pia kwamba wayo bapa ndio mkosaji pekee. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwapima wanamichezo wa kike wa chuo kikuu ambao hawajawahi kuzaa, wakakuta kuponyoka kwa mkojo kunahusiana na tao lisilonyumbuka. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba wayo mgumu haumezi kishindo cha kutua, na kishindo hicho hupanda hadi kwenye nyonga. Wayo unaofaa, basi, ni ule wenye nguvu na unaonyumbuka pia.

Kiungo kilicho wazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni neva. Neva ya tibia, inayoendesha misuli midogo ya wayo, hutoka katika baadhi ya mizizi ileile ya uti wa mgongo inayohudumia kibofu na sakafu ya nyonga. Madaktari huutumia ujirani huo kutibu kibofu kinachomshtua mtu kwa haja ya ghafla: sindano nyembamba huchomwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, na umeme hafifu hupitishwa kwa dakika 30, kwa kawaida mara moja kila wiki kwa wiki 12. Lakini umeme kwenye neva si sawa na kukunja vidole vya miguu, na manufaa ya tiba hiyo hayawezi kuhamishiwa mazoezi ya wayo.

Mimba hugusa wayo na sakafu ya nyonga kwa pamoja. Utafiti wa Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa tao la wayo hushuka na wayo hurefuka, hasa kwa mimba ya kwanza, na mabadiliko hayo hubaki baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua akiona viatu vyake vimembana ana sababu nzuri ya kufanya mazoezi ya kuinua visigino taratibu, kutanua vidole na kuvuta tao juu bila kuvikunja. Hayo ni ya kuongezea tu. Tiba ya kwanza ya mkojo unaoponyoka kwa kikohozi bado ni kubana sakafu ya nyonga yenyewe kwa angalau miezi mitatu, mibano minane mara tatu kwa siku, ikiwezekana chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Mkojo unaovuja mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu wa uzazi uliokwama, ni jambo jingine kabisa. Hiyo huenda ikawa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo kwa kawaida huhitaji upasuaji wa aina inayofanywa katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Mazoezi, yawe ya wayo au ya nyonga, hayawezi kuliziba.