Dawa mpya ya kuzuia damu kuganda si bora kwa kila mgonjwa

Kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, dhana potofu ni nyingi; hizi ni baadhi yake. "Dawa hizi huyeyusha damu." Haziyeyushi. Huchelewesha kuganda tu. Hata bonge la damu ambalo limeshajitokeza haliyeyushwi nazo: huzuiwa lisikue, na mwili wenyewe hulimaliza polepole.

"Warfarini, ile dawa ya zamani, imepitwa na wakati." Dhana hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ni kweli kwamba kwa wengi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, dawa mpya kama apiksabani, rivaroksabani na dabigatrani hazihitaji kupima INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) kila mara, na hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo ni ndogo kuliko kwa warfarini. Lakini mwenye vali bandia ya chuma moyoni habari yake ni nyingine kabisa. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo, mabonge yaliongezeka, kuvuja damu kukaongezeka, utafiti ukasimamishwa. Na mwaka 2022, utafiti wa INVICTUS kwa wagonjwa ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi ulionyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa rivaroksabani. Kwa hiyo kabla ya kuomba ubadilishiwe dawa, ujue kwanza ulianzishiwa kwa sababu gani.

"Ukiwa kwenye warfarini, usiguse mboga za majani." Kula, ila kwa kiasi kisichoyumba. Mboga hizo zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Aliyeziacha wiki mbili kisha akazirudia kwa wingi, INR yake huweza kushuka chini ya 2, ilhali wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3.

"Dawa mpya hazina masharti." Yapo. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula, la sivyo haifyonzwi vizuri. Kapsuli ya dabigatrani haifunguliwi. Figo zikidhoofika, dozi hubadilishwa au dawa husitishwa. Tena nguvu ya dawa hizi huisha upesi, ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo anayeruka dozi anabaki bila kinga.

"Aspirini inatosha." Kwa mapigo yasiyo na mpangilio, haitoshi. Ukiichanganya na dawa hizi bila kuagizwa, unaongeza hatari ya kuvuja damu.

Kwa mjamzito, warfarini inaweza kumdhuru mtoto, na dawa mpya hazishauriwi. Kwa kawaida hutumika sindano za heparini, kwa kuwa haivuki kondo la nyuma. Anayepanga kushika mimba amwone daktari mapema, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.