Jina la tovuti hulipiwa kwa muda

Wengi wenye tovuti ndogo hapa Mombasa, awe mshonaji wa Kongowea au mpiga picha wa Mji wa Kale, huamini kwamba ukishalipia jina la tovuti, ni lako milele. Kumbe unalisajili kwa muda tu: la .com huchukuliwa kwa mwaka 1 hadi 10, kisha hulipiwa upya. Usipolilipia likafutwa, kwa kawaida una siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Zikipita, baada ya siku 5 yeyote aweza kulichukua.

Litafute jina lako kwenye huduma ya RDAP (zamani WHOIS), yaani orodha ya mtandaoni ya usajili wa majina ya tovuti, bila malipo, usome tarehe ya mwisho. Na akaunti iliyosajili jina hilo ni ya nani? Linaloniumiza zaidi ni hili: mara nyingi ni ya kijana aliyekutengenezea tovuti, na ilani za malipo humfikia yeye. Mwombe akuhamishie.