Usiulize darubini inavuta mara ngapi

Vijana wanaoanza kuongoza watalii hapa Arusha huniuliza swali lilelile: "Kaka, hiyo yako inavuta mara ngapi?" Nikijibu mara 8, naona uso unapoa. Mwenzangu ameshaona nyingine mjini, imepangwa pamoja na tochi na chaja za simu, imeandikwa 50x50, na bei yake haifiki hata moja ya kumi ya hii yangu. Nimetafuta ndege kwa kazi kwa miaka mingi, na kabla hujatoa pesa yako naomba ushike jambo moja: ndege huonekana kwa mwanga.

Chukua darubini iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara inazovuta, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25. Huo ndio upana wa mwanga unaotoka upande wa jicho. Ishike mbali na uso, mkono umenyooka, uielekeze angani, na utaviona viduara viwili vyeupe katikati ya vioo. Mboni ya jicho lako juani hubana mpaka milimita 2 au 3, lakini msituni hupanuka mpaka 5 na zaidi, hasa kwa kijana. Darubini ya mfukoni ya 10x25 inatoa milimita 2.5 tu. Barabarani saa sita mchana utaisifu, ila chini ya miti jicho limefunguka na linachopewa ni kidogo. Na hiyo 50x50? Niliwahi kuweka rula kwenye lenzi ya mojawapo, haikufika milimita 40. Ikiwa namba unayoweza kuipima ni ya uongo, ile usiyoweza kuipima utaiamini vipi?

Nenda msitu wa Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shorobo wa Hartlaub, ndege wa kijani wa msituni, analia juu ya kichwa chako, unamsikia kabisa, lakini kijani chake kimezama kwenye kijani cha majani. Kwa darubini yenye kiduara chembamba utaona kivuli kinachoruka tawi hadi tawi. Kwa 8x42 nzuri unaona doa jeupe mbele ya jicho, unaona ngozi nyekundu inayolizunguka, na akifungua mabawa unapata ile damu ya mzee ya manyoya ya kurukia. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, rangi ambayo karibu ndege wengine wote duniani hawana. Mimi nimemwona mara zisizohesabika na bado moyo unaruka.

Kwa sababu ya ndege huyu huyu, kaa mbali na darubini zenye vioo vya mbele vyekundu vinavyong'aa kama taa ya breki. Watu wanadhani ule wekundu ni ubora. Ni utando unaorudisha mwanga mwekundu nje, kwa hiyo kinachoingia ndani kimepungukiwa na rangi hiyo, na picha inaegemea ubuluu. Umelipa pesa ukazuia bawa la shorobo lisikufikie. Kioo kilichopakwa vizuri kinaakisi hafifu sana, kijani au zambarau iliyofifia, na ukikitazama mbele ya taa unaona kama shimo jeusi.

Kuvuta sana nako kuna gharama. Tulikwenda na mgeni kwenye nyanda za majani mafupi kaskazini ya mji, njia ya Longido, kumtafuta kipozamataza wa Beesley. Ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, mkia mfupi, anasimama wima kama mlinzi, na makazi yake ni eneo dogo mno la kaskazini mwa Tanzania. Mgeni alikuwa na 12x50. Kufika saa nne asubuhi ardhi ilishaanza kutetemeka kwa joto, na darubini ile ilikuza mtetemo wa hewa na mtetemo wa mikono yake pamoja na ndege. Tena 12 inakuonyesha upana wa mita 100 hivi kwa umbali wa kilomita moja, au pungufu, wakati 8 nzuri inakupa 130 na kitu. Ndege akitimka, wewe unatafuta tundu la sindano. Nilimpa yangu, akampata. Wanaokaa zaidi kwenye mabwawa kama Nyumba ya Mungu huipenda 10x42, na siwapingi, mradi mikono imetulia.

Ndani kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyoigeuza picha isikae kichwa chini. Muundo wa zamani, wenye mabega, unatokana na Mwitaliano Ignazio Porro aliyeuwekea hataza mwaka 1854. Muundo ulionyooka kama mabomba mawili ni mwembamba na ndio unaopendwa sasa, ila unahitaji utando wa ziada kwenye prizimu ili picha iwe kali, na utando huo unagharimu. Kwa pesa ndogo, yenye mabega hukupa picha safi zaidi. Vilevile tafuta iliyoandikwa BaK-4, yaani aina bora ya kioo cha prizimu. Ukiona kile kiduara cha mwanga kina kingo za kijivu na umbo linaelekea pembe nne, prizimu ni za bei rahisi.

Wengi wetu tunanunua iliyotumika, kutoka kwa mgeni anayerudi kwao. Mimi niliuziwa moja ya jina kubwa, nikaumwa kichwa wiki nzima. Ilikuwa imeshaanguka, mabomba hayatazami tena mahali pamoja. Sasa sitoi shilingi kabla sijatazama ukingo wa paa la bati, kisha nikaisogeza darubini taratibu mbali na macho. Mstari ukikatika, kushoto juu na kulia chini, nairudisha. Halafu namulika tochi ya simu kupitia lenzi za mbele: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa Machame au msitu wa Rau haliachi kusambaa.

Ukivaa miwani, tafuta inayoruhusu jicho likae milimita 16 au zaidi kutoka kwenye kioo. Iwe imezibwa maji yasiingie.

Bei? Swarovski au Zeiss za juu kabisa zinapita dola 2,500, yaani bodaboda mbili mpya. Ni nzuri kweli. Lakini kati ya dola 200 na 500 utapata Vortex au Nikon ya 8x42 itakayokulisha miaka. Iombe uitoe nje ya duka jioni, utazame chini ya mwembe penye giza. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ukishaipata, funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi ya kibao cha mbali yakae sawa kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, ugeuze pete ya upande wa kulia tu mpaka maandishi yaleyale yatulie. Pale pete ilipokaa weka tone la rangi ya kucha, maana wageni wataiazima siku nzima na kila mmoja ataigeuza.