Je, wajua kwa nini wachezaji warefu wa kandanda ya Australia huchelewa kuiva?

Kila mwaka, msimu unapokwisha, klabu za Ligi ya Kandanda ya Australia, yaani AFL, huteua vijana wapya wanaofikisha umri wa miaka 18, na klabu iliyoshika mkia ndiyo hupewa nafasi ya kuanza kuchagua. Miongoni mwa wanaoteuliwa wamo viungo wenye kimo cha kawaida, ambao baadhi yao huingia kikosini papo hapo: Joel Selwood wa Geelong, aliyeteuliwa mwishoni mwa 2006, alikuwa bingwa wa ligi mwezi Septemba 2007 akiwa na umri wa miaka 19. Kijana mwenye kimo cha sentimita 205 aliyeteuliwa siku hiyohiyo anaweza kukaa miaka minne, mitano, hata sita kabla ya kutegemewa, na katika muda huo wote mashabiki hubishana kama klabu ilimchagua kwa busara au ilitupa nafasi yake bure. Ubishi huo haukosi msimu hata mmoja. Sehemu ya jibu imo katika mwili wa mchezaji, sehemu imo katika kazi anayopewa, na sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu haipewi uzito unaostahili, imo katika namna mechi zinavyotangazwa na kuchambuliwa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, kanuni zake za kwanza ziliandikwa mjini Melbourne mwaka 1859. Huchezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja wa umbo la yai ambao urefu wake unaweza kuzidi mita 160, kwa mpira ambao nao una umbo la yai. Mchezaji huruhusiwa kuupiga mpira kwa mguu, kuusukuma kwa ngumi kutoka kwenye kiganja cha mkono wa pili, au kukimbia nao mradi audundishe chini kila baada ya mita 15. Kila mwisho wa uwanja una milingoti minne, na mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya ile miwili ya katikati ni goli lenye pointi 6, ilhali ukipita kati ya mlingoti wa katikati na wa pembeni ni pointi 1. Anayeudaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15 hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa, na kwa sababu hiyo kimo ni mali kubwa. Hakuna kanuni ya kuotea, hivyo mpira unaweza kwenda upande wowote wakati wowote.

Baada ya kila goli mchezo huanza upya katikati ya uwanja, na tangu zamani desturi ilikuwa mwamuzi kuudundisha mpira kwa nguvu ili upae, lakini tangu 2026 huurusha juu. Hapo mchezaji mmoja mrefu wa kila timu huruka na kujaribu kuugonga kwa mkono ili uwaangukie viungo wa upande wake. Nafasi hiyo huitwa raki. Mtazamaji mgeni huona watu wawili warefu wakishindana kuruka, akadhani kwamba mrefu zaidi atashinda daima, lakini sivyo. Mwenye raki hulazimika kukisia mpira utapaa kwa mwelekeo gani, kuchagua ni sekunde ipi aondoke ardhini, kumzuia mpinzani kwa nyonga na bega bila kuadhibiwa na mwamuzi, na kisha, akiwa hewani, kujua kiungo wake amesimama wapi bila kumtazama. Zamani warukaji hao walikuja kwa kasi kutoka mbali na kugongana magoti, na walioumia kano ya nyuma ya goti wakawa wengi kiasi kwamba mwaka 2005 ligi ilichora duara lenye kipenyo cha mita 10 na kuwazuia kuanza mbio zao nje yake. Mabadiliko hayo yalilinda magoti, lakini pia yaliongeza thamani ya nguvu ya mwili na ya kusoma mwendo wa mpira, mambo mawili ambayo kijana wa miaka 18 huwa bado hajayapata.

Mifupa ya mvulana mrefu sana aghalabu huendelea kukomaa wakati wenzake wafupi wameshamaliza kukua, na misuli huifuata mifupa kwa kuchelewa. Akipewa mazoezi makali ya uzito mapema, mgongo wa chini na nyayo huwa hatarini kupata nyufa ndogondogo zitokanazo na mzigo unaorudiwarudiwa. Asipopewa, ataingia uwanjani akiwa mwembamba, akabiliane na mwanamume wa miaka 28 mwenye zaidi ya kilo 100 ambaye kwa miaka kumi amekuwa akijifunza jinsi ya kumwondoa mtu kwenye njia ya mpira. Walimu wa mazoezi wa klabu hulazimika kwenda taratibu, wakiongeza kilo chache kila mwaka bila kumpunguzia mchezaji uwezo wa kukimbia, maana katika uwanja mkubwa namna hiyo hata mwenye raki hufuata mpira kilomita nyingi katika robo nne za mechi. Hakuna njia ya mkato hapa, na klabu zilizotafuta njia hiyo zimelipa kwa wachezaji kuumia.

Mfano ninaoupenda ni wa Max Gawn. Klabu ya Melbourne ilimteua mwaka 2009 katika nafasi ya 34, jambo linaloonyesha kwamba vijana 33 walionekana kuwa chaguo bora kuliko yeye. Alicheza mechi yake ya kwanza mwaka 2011, akaumia goti, akarudi, akakaa sana katika kikosi cha pili, na katika misimu yake ya mwanzo hakuwahi kucheza msimu mzima wa ligi kuu. Aliyemtazama mwaka 2013 angekuwa na sababu zote za kusema kwamba kijana huyu ameshindikana. Mwaka 2016, akiwa na miaka 24, aliingia katika kikosi bora cha ligi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo ameingia mara nyingi. Mwaka 2021, akiwa nahodha, alifunga magoli matano katika mechi ya mchujo ya kuwania kuingia fainali dhidi ya Geelong, kisha akaiongoza Melbourne kutwaa ubingwa uliokuwa umewaponyoka tangu 1964. Miaka saba kutoka kuteuliwa hadi kung'ara ni mingi, lakini kwa mwenye raki si ya ajabu. Dean Cox wa West Coast, aliyeingia kwa mlango wa wachezaji wa akiba, na Aaron Sandilands wa Fremantle, aliyekuwa na sentimita 211, walipita njia inayofanana na hiyo, na wote wawili walimaliza wakiwa na mechi zaidi ya 250.

Ipo sababu nyingine inayotokana na ligi za vijana. Mvulana anayewapita wenzake wote kwa kichwa kizima haoni haja ya kujifunza pa kusimama, kwa kuwa mkono wake hufika juu ya mikono yote hata akichelewa. Magoli na midako yake hujaa kwenye taarifa za wasaka vipaji, lakini kumbe alikuwa akishinda kwa kimo peke yake. Siku anapokutana na wa kimo chake ndipo masomo yake yanapoanza. Ninaamini hii ndiyo sababu baadhi ya warefu waliokuja kutoka michezo mingine hawakuachwa nyuma sana kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa wote, mwenyeji na mgeni, huanza kujifunza karibu na mstari uleule.

Jim Stynes ndiye shahidi mkubwa. Alikuwa kijana wa Dublin aliyecheza kandanda ya Kiayalandi, na mwaka 1984 klabu ya Melbourne ilimchukua na kumpeleka katika nchi ambayo mpira wake hakuwahi kuushika. Mwaka 1987, katika mechi ya mchujo ya kuwania kuingia fainali, alikatiza mbele ya mchezaji wa Hawthorn, Gary Buckenara, aliyekuwa akijiandaa kupiga. Mwamuzi akamsogeza Buckenara mita 15 mbele, king'ora kikawa kimeshalia, goli likaingia, na Melbourne ikatolewa kwa tofauti ya pointi 2. Kosa hilo lilitangazwa na kurudiwa kwa miaka. Klabu haikumtupa. Mwaka 1991 Stynes alitwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi inayotokana na kura za waamuzi, na alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2025. Baadaye Mason Cox, Mmarekani wa sentimita 211 aliyetoka kwenye mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha Oklahoma State, aliingia Collingwood mwaka 2014, akacheza mechi ya kwanza 2016, na mwaka 2023 akawa bingwa.

Tatizo ni kwamba timu huhitaji mwenye raki mmoja, pengine wawili, ilhali viungo huhitajika wengi. Kiungo chipukizi hupata nafasi pindi mmoja kati ya wakubwa wanane anapoumia. Mrefu chipukizi humsubiri mtu mmoja tu. Kwa hiyo hukua katika ligi za chini, ile ya Victoria, ya Australia Kusini au ya Australia Magharibi, mbali na kamera. Mkataba wa kwanza wa aliyeteuliwa kwa muda mrefu umekuwa wa miaka miwili, na kipindi hicho hakilingani hata kidogo na muda ambao mwili wake unauhitaji. Ndiyo maana hutokea klabu moja ikamlea, ikachoka, kisha nyingine ikamchukua akiwa na miaka 24 na kuvuna.

Sasa tufike kwenye utangazaji. Mtangazaji hufuata mpira, naye hawezi kufanya vinginevyo, kwa kuwa mpira hubadilisha mikono kila baada ya sekunde chache na kazi yake ni kutaja ni nani anao. Wakati wa mapumziko husomwa hesabu ya mara ngapi kila mchezaji ameutoa mpira kwa mguu au kwa ngumi. Kiungo bora hufika 30. Mwenye raki aliyecheza vizuri anaweza kuishia 15. Anayesikiliza redioni huondoka na majina ya viungo, na kijana mrefu aliyemzuia mpinzani wake kwa bega mara ishirini, akampa kiungo nafasi ya kuuokota mpira bila kuguswa, hatajwi. Katika fainali ya 2021 Melbourne ilikuwa nyuma kwa pointi 19 katika robo ya tatu, kisha ikafunga magoli mfululizo hadi kushinda kwa tofauti ya pointi 74. Jina lililosikika zaidi siku hiyo lilikuwa la Christian Petracca, aliyeutoa mpira mara 39 na kupewa medali ya mchezaji bora wa fainali, na aliistahili. Lakini magoli kadhaa ya robo hiyo yalianzia katika duara la kati, ambako Gawn na kijana Luke Jackson walikuwa wakipokezana katika raki.

Hesabu ya kuugonga mpira nayo hupotosha ikisomwa peke yake, maana mpira uliogongwa ukamwangukia mpinzani huhesabiwa kama ule uliomfikia mwenzake. Wachambuzi makini hutenganisha aina hizo mbili, na ningependa kila mtangazaji afanye hivyo, kwa sababu shabiki hubishana kwa takwimu alizopewa. Akipewa pungufu, hukumu yake huwa pungufu, na kijana ndiye hubeba gharama. Tom Boyd, mshambuliaji mrefu, aliteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 2013, akahamia Western Bulldogs baada ya msimu mmoja kwa mkataba mrefu wenye fedha nyingi, na kila wiki fedha hizo zililinganishwa na magoli yake. Alifunga matatu katika fainali ya 2016, iliyowapa Bulldogs ubingwa wao wa kwanza tangu 1954. Mwaka 2019 alistaafu akiwa na miaka 23, na amezungumza hadharani juu ya jinsi afya yake ya akili ilivyoathirika.

Wapo wanaowahi. Jackson huyohuyo alitwaa tuzo ya chipukizi bora ya 2021, lakini yeye ana takriban sentimita 199, hukimbia kama kiungo, na alikuwa na Gawn wa kumbebea mapambano mazito. Wengine huchelewa kwa sababu nafasi yao halisi haijagunduliwa. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto na kuujua mchezo huko. Sydney ilimteua mwaka 2013, naye akacheza mechi ya kwanza 2016. Thamani yake ilionekana alipotulizwa katika safu ya ulinzi, akiwatazama washambuliaji huku akisoma mpira unatokea wapi, na kuudaka kabla haujawafikia. Alihamia Port Adelaide, na katika msimu wake wa kwanza huko, mwaka 2021, aliingia katika kikosi bora cha ligi, miaka minane baada ya kuteuliwa.

Anayetaka kumpima kijana mrefu kwa haki aache kwa robo moja kuufuata mpira na amtazame yeye tu: anafika kwenye mapambano mangapi kabla ya mpinzani, miguu yake imesimama wapi mpira unaposhuka, viungo wake wanaupokea wakiwa wanakimbia au wakiwa wamesimama, na katika robo ya nne bado anaruka au ameshaanza kusukumwa. Msimu ufuatao aangalie mambo hayohayo.