Je, wajua kwa nini Malkia Charlotte wa Uingereza huigizwa na wanawake weusi?

Tamthilia ya Queen Charlotte, iliyoanza kuoneshwa na Netflix mwezi Mei 2023, inamsimulia binti wa miaka 17 aliyetolewa Ujerumani kwenda kuolewa na Mfalme George wa Tatu. Malkia huyo aliishi kweli. Alizaliwa mwaka 1744 huko Mecklenburg-Strelitz, akafungishwa ndoa tarehe 8 Septemba 1761, siku ileile aliyomwona mumewe kwa mara ya kwanza, na baadaye akamzalia watoto 15. Katika tamthilia, ujana wake unaigizwa na India Amarteifio na utu uzima wake na Golda Rosheuvel, wote wawili wenye asili ya Kiafrika, jambo linalowafanya watazamaji wengi waulize kama malkia mwenyewe alikuwa mweusi.

Chimbuko la wazo hilo ni nasaba. Mtafiti Mario de Valdes y Cocom alieneza hoja kwamba Charlotte alitokana na Margarita de Castro e Sousa, mwanamke wa tabaka la juu wa Ureno wa karne ya 15, ambaye ukoo wake unarudi hadi kwa Madragana, kimada wa Mfalme Afonso wa Tatu katika karne ya 13. Maandishi ya kale ya Kireno yanamtaja Madragana kuwa mtu wa jamii ya Waislamu wa Iberia, yaani eneo la Ureno na Hispania. Lakini jamii hiyo ilikuwa na Waarabu, Waberberi na wenyeji waliosilimu, pamoja na Waafrika weusi, hivyo rangi yake haijulikani kwa kutajwa huko. Tena kati yake na Charlotte ilipita takriban miaka 500, na mtu yeyote akihesabu vizazi 10 tu nyuma yake hukuta nafasi 1,024 za wazee waliomtangulia. Kwa maoni yangu, ushahidi huo ni mwembamba mno.

Watayarishaji wenyewe wanatangaza mwanzoni kwamba kazi yao si somo la historia. Shonda Rhimes, mtunzi wa tamthilia hiyo, aliuchukua mjadala huo akaujengea dunia ya kubuni, ambamo ndoa ya kifalme inazipatia familia za watu weusi vyeo na ardhi. Faida yake ni kubwa: waigizaji ambao tamthilia za kihistoria ziliwazoesha nafasi za watumishi na watumwa wanapewa taji, mapenzi na majonzi ya watu kamili.

Hata hivyo, Waafrika halisi wa zama hizo wanastahili pia kuonekana, kwa kuwa chini ya mfalme huyohuyo meli za Uingereza zilisafirisha watumwa hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku kisheria mwaka 1807. Ignatius Sancho, mwenye duka huko Westminster, alipiga kura katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 1774. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alimwandikia Malkia Charlotte mwenyewe mwezi Machi 1788, akimsihi azungumze na mumewe kwa niaba ya Waafrika waliokuwa wakiteseka, ili watolewe katika hali ya wanyama na wapewe haki za watu huru. Ombi hilo alilichapisha mwaka uliofuata katika kitabu cha maisha yake, nalo lina uzito wa kutosha kubeba tamthilia nzima.