Mshikamano wa kikwanta: mwani unavyosafirisha nishati ya mwanga

Shuka kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, wowote unaopita chini ya migomba huku Moshi, uguse jiwe lililo ndani ya maji. Utakuta utando wa kijani, laini, unaoteleza. Huo ni mwani. Pale kivulini mwanga ni wa kubahatisha, na bado unaishi.

Mwanga huja kwa punje ndogo ziitwazo fotoni. Fotoni ikinaswa na molekuli ya rangi, kama klorofili, nishati yake inatakiwa ifike mahali usanisinuru unapoanzia kazi ya kikemia. Ikichelewa, hata kwa sehemu chache za bilioni za sekunde, inapotea kama joto au mwanga. Kwenye mwanga hafifu karibu zote hufika. Zinafikaje?

Zamani ilidhaniwa kwamba nishati hurukia molekuli moja hadi nyingine, kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo. Fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno, inasema nishati hiyo inaweza kuwa juu ya molekuli kadhaa kwa pamoja, kama wimbi. Fikiria mabanio ya mfongo yamefunguliwa yote, maji yakaingia kila mfereji kwa mara moja. Ila maji yakigawanyika yamegawanyika, ilhali nishati ya fotoni inabaki moja, nzima. Mawimbi yake yakishika hatua isiyoyumba, hutiana nguvu yanapopanda pamoja, au hufutana moja likipanda jingine likishuka. Kushika huko hatua ndiko kunakoitwa mshikamano wa kikwanta.

Mwaka 2007 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliona dalili zake kwenye protini inayoshikilia molekuli za rangi ndani ya bakteria, iliyopozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2010 wenzao wa Toronto, Kanada, wakaziona kwenye protini za mwani wa kundi la kriptofiti, tena kwenye joto la kawaida la chumba. Wengi walishangaa, maana ilitarajiwa vurugu za joto zivunje hatua hiyo mara moja.

Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu habari nyingi huishia hapo. Vipimo vilivyorudiwa baadaye vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya dalili zile zilizodumu zilitokana na mtikisiko wa molekuli zenyewe. Mshikamano wa elektroni, yaani wa nishati yenyewe inayosafiri, huvunjika haraka mno. Kwa hiyo kusema mwani ni kompyuta ya kwanta, yaani mashine inayokokotoa kwa kutumia mshikamano kama huo, ni kupotosha. Kinachobaki imara ni hiki: molekuli zilizobanana hushirikiana nishati moja kwa namna ya kikwanta, na mitikisiko yake huenda ikasaidia kuivusha.

Ushirika huo hutegemea umbali mdogo ajabu. Mwaka 2014 ilionekana kwamba baadhi ya kriptofiti wana asidi amino moja ya ziada, yaani kipande kimoja cha kujengea protini, kwenye protini yao. Hiyo moja tu inatosha kuitenganisha jozi ya molekuli za katikati, na ushirika wake ukadhoofika sana. Mwani wa aina hiyo nao unaishi, unakua, unazaana.